Vigae Chini ya Nyumba ya Mama

Mama yangu ni mfinyanzi, na udongo wa mto Lualaba haupendi kufinyangwa peke yake. Ukiutumia mtupu unapasuka motoni. Lazima uuchanganye na unga wa vigae, vile vipande vya vyungu vilivyovunjika zamani, ambavyo vimekwisha kuonja moto na haviuogopi tena. Wafinyanzi wengine wa mji wetu wa Kindu waliomba vigae kwa majirani. Chungu kikianguka nyumba ya tatu, wao wameshafika mlangoni na kikapu. Mama hakuomba mtu. Alishuka nyuma ya nyumba yetu, mahali mto ulipoukata ukingo ukasimama wima kama ukuta, akavichomoa humo kwa kisu.

Kubeba kile kikapu ilikuwa kazi yangu nikiwa msichana, na niliichukia. Vigae ni vizito, na wenzangu walinicheka kwamba kwetu tunavuna takataka. Lakini mama hakuwa mtu wa kuchomoa ovyo. Aliusoma ule ukuta kwanza. Juu kabisa ulikuwa udongo wetu sisi, mwekundu, wenye vifuniko vya chupa na vipande vya sahani za bati. Chini yake mchanga mweupe. Chini ya mchanga mstari mweusi: makaa, kokwa za mawese, miiba ya samaki, vigae. Halafu mchanga tena, mwingi, na chini kabisa, kupita kimo cha mtu, mstari mweusi wa pili, mwembamba, wenye vigae vinene vilivyotiwa alama kwa kamba. Mama alisema kila mstari mweusi ni kijiji, na kila mchanga ni mto uliokuja juu yake. Watu walikaa, maji yakaja, wakaja wengine wakakaa tena. Kutokana na hayo yote yeye alichukua neno moja tu, kwamba mahali watu walipokaa mara mbili ni mahali pazuri. Nilimuuliza, nikiwa na miaka kama kumi na tatu hivi, kwa nini basi waliondoka. Aliniambia nibebe kikapu.

Vita vilipoufunga mji, nilikuwa na mimba ya kwanza. Mume wangu alikuwa amekwenda Kalima kuchimba kasiterite, mawe ya bati, kwa wiki mbili tu, alivyosema, na zile wiki mbili zikapita miaka miwili. Treni ilikoma. Boti hazikupanda tena kutoka Ubundu. Aliyevuka nyumba za mwisho kwenda shambani hakuwa na hakika ya kurudi, kwa hiyo tulilima uani, tukala matembele na sombe ya majani ya muhogo bila mafuta, na chumvi tuliiweka ulimini kidogo kidogo kama dawa. Sufuria ziliporwa. Wale waliokuwa wakivicheka vyungu vya mama walirudi wote, na heshima nyingi. Mama hakuwasuta. Aliwaambia tu wangoje vikauke.

Mwanangu alizaliwa chumbani kwa mama, akiwa na nywele nyingi mpaka kwenye ncha za masikio. Mama alimtazama masikio akasema huyu ni wa baba yake, hakuna haja ya mashahidi. Siku ya saba akapata homa. Siku ya tisa, asubuhi, wakati wa kufagia uwanja, akafa mikononi mwangu, wala sikujua mara moja, niliendelea kumtikisa.

Njia ya makaburini ilikuwa imefungwa. Mbao hazikuwepo; watu walikuwa wamekwisha kuwazika wafu wao ndani ya kabati na milango, na milango iliyobaki ilikuwa kuni. Nilikuwa na kitenge kimoja, kile nilichovaa. Nilitaka kukitoa chote. Mama akakichana katikati, nusu akanirudishia, akanifunga mwenyewe kiunoni kama mtoto. Halafu akaingia nyumba ya vyungu, akatoka na chungu kikubwa cha maji ambacho alikuwa amekichoma wiki ile kwa ajili ya jirani. Alimlaza mjukuu wake ndani yake, magoti yamekunjwa, jinsi alivyokuwa tumboni. Akafunika mdomo kwa bakuli la udongo.

Hiyo haikuwa desturi yetu. Sisi ni watu wa misa, tunazika kwa sanduku na msalaba. Mama alichimba mwenyewe nyuma ya jiko, haraka, mpaka kina cha kiuno, maana ng'ambo walikuwa wakipiga risasi. Pale pale alipochagua vigae vilitoka na jembe, akanionyesha kimoja.

“Hapa watu walikaa,” akasema. “Maji haitafika.”

Tulipigilia kipande cha chuma cha reli kuwa alama. Kuanzia siku ile mama alinikataza kumwambia mtu habari ya chungu. Aliona haya. Alifikiri watu watasema kamtia mjukuu wake ndani ya chungu kama kiporo. Mwanamke ambaye hakumwogopa askari aliyekuja kumwomba kuku, aliogopa neno hilo moja kwa miaka yote iliyofuata.

Mume wangu alirudi barabara zilipofunguka, amekonda, na viatu viwili visivyofanana. Nilimwonyesha chuma. Akakaa chini kando yake mpaka jua likawa kali. Habari ya chungu sikumwambia. Baadaye tulipata watoto wengine watatu, wote wana masikio yale, na watu wakazoea kusema nina watatu. Mimi huwa nasema wanne.

Wakati wa vita, kutoka kile chuma mpaka ukingoni zilikuwa hatua arobaini. Nilizihesabu mara nyingi sana, ndiyo maana najua. Kila msimu wa mvua mto ulikula kidogo. Wachoma matofali nao walikuja wakachimba udongo pembeni, ukingo ukazidi kulegea. Zikawa hatua ishirini. Choo cha jirani kikaenda na maji, yeye akahama siku ile ile, akatuaga kwa mzaha kwamba amechoka kuoga na viboko. Zikawa kumi na mbili. Mimi na mume wangu tulikuwa tumepata kiwanja juu, upande wa pili wa reli, tukamjengea mama chumba chenye mlango wake na kibanda cha vyungu. Mama alikuja akakiangalia, akakisifu, akarudi kwake.

“Nikienda,” alisema, “mutoto anabaki na nani?”

Mimi swali la namna hiyo hunikasirisha. Nilimwambia mto hausomi vigae vyake. Nilimwambia atakufa na ukaidi wake ndani ya nyumba, usingizini, na mimi nitazika nani na wapi. Alininunia siku tatu. Siku ya pili kati ya hizo tatu alituma sombe, kwa sababu kununiana ni kitu kimoja na wajukuu kulala njaa ni kitu kingine. Mimi nikairudisha sahani na wali juu yake. Hakuna aliyesema pole.

Mwaka jana, kiangazi, mume wangu alikuwa akichimba shimo la choo kipya pale juu kwetu. Alipofika kina cha kifua akaanza kutupa vigae. Aliviona ni mawe tu. Mimi nilikuwa nikichambua mchele, nikainuka kuondoa vile vilivyoangukia karibu na ungo, na cha kwanza nilichokishika kilikuwa cha mdomo wa chungu. Mdomo wake ulikuwa umebonyezwa kwa kidole gumba, bonyezo moja baada ya jingine, kuzunguka, na chini ya mabonyezo mistari myembamba ya kuchana. Ni vile vile anavyofanya mama. Alifunzwa na mama yake, naye na wake.

Nilikaa juu ya lile fungu la udongo. Mchele uliliwa na kuku na sikuwafukuza. Nilikuwa nimeubeba ule ukingo kichwani utoto wangu wote, kikapu baada ya kikapu, na sikuwahi kuufikiri mpaka mwisho. Wale wa mstari wa chini kabisa, watu wa kamba, walikaa karibu na maji kwa sababu ya samaki na udongo mzuri, na mto ulikuwa mbali nao, kama ulivyokuwa mbali na sisi. Halafu mto ukageuka ukawajia, ukaacha mchanga juu ya majiko yao. Wengine wakarudi, kiangazi kirefu labda, wakaamini pamekauka. Ukawajia tena. Ndipo walipopanda hapa juu, tulipo sisi, na huku ndiko alama ya kidole gumba ilikoanza, au ndiko ilikofika. Vigae vya ukingoni havikuwa ushahidi kwamba maji hayafiki. Vilikuwa ushahidi kwamba yalifika.

Nilimpelekea mama kile cha mdomo. Alikuwa ameketi akisugua chungu kwa kokoto. Akakishika, akaweka kidole gumba chake ndani ya bonyezo, kikaenea. Akakihamishia bonyezo la pili, kikaenea pia. Nikamweleza yote niliyowaza, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu alinisikiliza habari za vigae bila kunirekebisha. Kile kigae akakilaza mapajani.

“Basi walihama,” akasema mwishowe. “Na watoto yao wenye kufa? Waliachaka?”

Nikamwambia sisi tusimwache wetu. Tumchimbue, tumpandishe. Alikataa, kwa ajili ya haya ile ile: watu wataona chungu. Nilimbembeleza mwezi mzima, na sijawahi kumbembeleza mtu hivyo, hata mume wangu wakati wa uchumba, maana yeye alikubali mapema. Mwisho mama akakubali. Tungefanya kabla ya mvua.

Hapa lazima niseme kosa ni langu. Kulikuwa na mavuno ya mpunga Kibombo kwa shemeji zangu, nikaenda. Mtoto wa mwisho akaugua malaria. Halafu shule zikafunguliwa. Chuma kilikuwa bado hatua tano kutoka ukingoni, nami nikajiambia hatua tano ni nyingi. Mvua za kwanza zilikuja mapema, usiku tatu mfululizo.

Asubuhi ya nne nilikuwa nafagia uwanja. Mama alikuwa amesimama kwenye uzio, miguu imejaa matope mpaka magotini. Hakuingia.

“Chuma haiko,” akasema.

Tulishuka mimi, yeye na mume wangu. Njiani nilimwambia mume wangu habari ya chungu, kwa haraka, bila kumwangalia, kwa sababu ilibidi ajue anatafuta nini. Alirudi nyumbani mbio kuchukua kamba na mtaimbo wake wa Kalima.

Ukingo ulikuwa umefika ukutani kwa jiko. Mume wangu alijifunga kamba kiunoni, akaifunga upande wa pili kwenye nguzo ya kibanda cha vyungu, akainama kuchungulia. Mimi nilishuka pembeni, kwenye njia ya wachoma matofali, nikapita majini nimeshika mizizi mpaka nikauona ule ukuta kutoka chini. Ulikuwa umekatwa upya, unyevu, mistari yote ikionekana wazi kuliko nilivyowahi kuiona. Na ndani yake, mbele ya macho yangu, ulikuwapo mdomo wa chungu, mzima, umefunikwa kwa kigae.

Nilisema, “Kiko.” Nilisema taratibu, niliogopa ukuta usinisikie ukaanguka.

Mume wangu alishuka na kamba. Alichimba kuzunguka kwa mtaimbo, kidogo kidogo, jinsi wanavyochimba wasipotaka kupasua jiwe. Aliangalia udongo wa juu ya chungu, akaniangalia mimi, akaendelea kuchimba. Kilipotoka nilikipokea kwa kitenge. Kilikuwa kizito, kimejaa udongo mgumu. Kigae cha mdomoni kilisogea, nikaona kitu chembamba, cheupe kama chaki, nikafunika upesi. Nilikikumbatia. Nilipanda njia ile ya matofali nimekikumbatia, na matope yananivuta, na nilikuwa na furaha. Sioni haya kusema hivyo. Nilikuwa nimembeba mwanangu siku tisa tu, na sasa nilikuwa nambeba tena.

Mama alikuwa ameketi mlangoni kwa jiko. Nilimwekea miguuni. Akapangusa udongo mdomoni kwa kiganja, akazungusha vidole kwenye ukingo wa chungu, akazungusha tena. Akapangusa ubavuni.

“Hii haiko yangu,” akasema.

Nikamwambia aangalie vizuri. Akaniambia ameangalia. Akanishika mkono, akapitisha vidole vyangu ubavuni, nikasikia alama za kamba, zimekwaruza, safu kwa safu.

Nilijua. Nilikuwa nimejua tangu nikiwa chini, ndani ya maji. Kile chungu kilikuwa katika mstari wa chini kabisa, kupita kimo cha mtu, na sisi tulichimba mpaka kiunoni. Mtoto yeyote aliyebeba kikapu changu angejua. Mimi nilisimama mbele ya ule ukuta niliousoma maisha yangu yote, nikakataa kuusoma. Mume wangu akasema, kwa sauti ndogo, kwamba mchanga wa juu yake haukuwa umewahi kuchimbwa, ulikuwa umelala mzima toka ubavu hadi ubavu. Aliliona hilo mara moja. Alishindwa kuniambia kwa sababu nilikuwa nimeshanyoosha mikono.

Tulitafuta chetu mpaka adhuhuri. Pale chini ya mahali pa chuma hapakuwa na kitu, hewa tu, na chini ya hewa maji ya rangi ya chai.

Nilirudi jikoni na hasira ambayo sikujua niielekeze wapi. Nilimkasirikia mama kwa neno lake la vigae, nikajikasirikia kwa mpunga wa Kibombo, na zaidi ya wote nilikikasirikia kile chungu kilichokuwa kimekaa pale, kizima, wakati changu kimekwenda. Nilitaka kukitupa mtoni. Nilimwambia mama hivyo hivyo. Alikuwa amekiweka katikati ya miguu yake, ameondoa kigae cha mdomoni, na anatazama ndani bila kugusa. Magoti yalikuwa yamekunjwa.

“Kumbe haiko miye wa kwanza,” akasema.

Akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. Kisha akamgeukia mume wangu, mkwe wake ambaye kwa miaka yote hiyo alikuwa akiongea naye habari za mvua na mabati tu, akamweleza mwenyewe: kitenge nusu, chungu cha jirani, bakuli juu ya mdomo, jembe, risasi za ng'ambo. Hakuficha kitu. Jirani mmoja aliyekuja kuangalia ukingo alisikia yote, na mama alimwona anasikia, akaendelea. Alimaliza kwa kusema kwamba yule mama wa zamani naye huenda alikosa mbao, au hakukosa kitu, alitaka tu mtoto alale mahali palipofanana na tumbo. Naye aliambiwa maji hayatafika. Watu wake walipohama hawakumwacha mtoto kwa kupenda.

Mume wangu aliuliza tufanye nini. Mama akamtazama kama mtu aliyeuliza kama wali hupikwa kwa maji.

“Naye iko na mama,” akasema. “Tumuzike.”

Tulimpandisha mchana ule ule. Mume wangu alichimba kando ya chumba tulichomjengea mama, akapita kiuno, akapita kifua, sikumwambia aache na hakuacha mpaka tukashindwa kumwona kichwa. Mama alitoa bakuli jipya la mdomo, lenye mabonyezo ya kidole gumba chake, akafunika juu ya kile kigae cha zamani. Nilidhani nitasimama pale kwa heshima tu, kama unavyosimama kwenye msiba wa mtu wa mbali. Udongo wa kwanza ulipoanguka niliita jina la mwanangu, na hakuna aliyenirekebisha.

Baada ya hapo nilimtayarishia mama maji ya kuoga, nikamwambia nitamsindikiza nyumbani kwake jua likipungua. Alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha kile chumba alichokisifu akakikataa, anatoa matope kwenye kucha. Akaniambia nitume watu wakalete godoro lake na mawe ya kusagia vigae.

“Huyu siwezi kumuacha peke yake,” akasema.

Nyumba ya ukingoni ilikwenda na maji kabla msimu haujaisha, jiko, kibanda na vyote. Mama hakushuka kuiangalia. Kila asubuhi anafagia kaburi kwanza, ndipo anafagia uwanja, nami siku hizi namwachia ufagio.